Bakuli Lililofunikwa

Jamaa zangu wa Agincourt, wa Don Mills, wa Regent Park na popote mlipo katika mji huu wa baridi, nawaomba mnisikilize. Haya yalitokea katika nyumba ya watu wema, watu tunaoshikana nao mikono kanisani kila Jumapili. Hapakuwa na pombe katika nyumba ile, wala kamari, wala ngumi. Palikuwa na samaki tu.

Siku moja ya theluji, Bi Tumsifu alikuwa ameketi jikoni kwa mwanawe Mhina, akichambua mchele. Mchele wa dukani hapa hauna hata chuya moja, lakini mikono ya mama aliyelea watoto haijui kukaa bure. Alikuwa amevaa sweta mbili na khanga juu yake. Sufuria ilichemka polepole, vitunguu vilinukia, na mjukuu wake Ella alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Bibi akimsemesha Kiswahili, mtoto alikuwa akimjibu Kiingereza, na kwa namna hiyo walipendana bila shida.

Juu ya meza palikuwa na kawa la ukindu. Bi Tumsifu alilisuka mwenyewe kwao Tanga, akalileta sandukuni, na tangu afike lilikuwa na kazi moja: kufunika sahani ya Mhina. Kwao, mtu aliyechelewa kurudi hufunikiwa chakula. "Nimekufunikia," unamwambia akiingia, na hapo umekwisha kumwambia kwamba ulimkumbuka hata asipokuwapo. Watu wengine husema nakupenda. Bi Tumsifu alifunika.

Basi katika utulivu ule, chini ya sakafu, maji yakaguna.

Bi Tumsifu aliacha kuchambua. Sauti ile aliisikia kila siku wakati huo huo, kabla gari la mwanawe halijakata kona. Kwanza maji yaliguna, kisha kukawa na kugongagonga kwa kidogo kidogo, mfano wa kucha juu ya kioo.

"Wameanza," alisema.

Ella alijibu, bila kuinua kichwa, kwamba samaki wanajua tu kwamba baba anakuja.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na Mhina nyuma yake, kijana wa miaka arobaini mwenye miwani na mkoba wa kompyuta. "Shikamoo, mama!" alisema, na neno lilimtoka akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Mlango ukafungwa. "Marahaba" ya Bi Tumsifu ikabaki mdomoni mwake. Mhina hakulifunua kawa, wala siku hiyo haikuwa ya kwanza.

Bi Tumsifu alipokuja hapa mara ya kwanza, Mhina alimshika mkono akamshusha chini kumwonyesha. Katikati ya chumba lilisimama tangi la kioo, refu kuliko kitanda, limejaa maji ya chumvi, na juu yake taa za buluu zilizofanya mikono ya mtu ionekane ya maiti. Upande wa ngazi ndipo Mhina aliposimama kulisha. Upande wa pili, ambako mwanga haukufika vizuri, palikuwa na kiti kikuukuu cha kuegemea. Ndani ya maji, samaki wa manjano na wa rangi ya chungwa walipita katikati ya matumbawe.

Bi Tumsifu aliyajua matumbawe. Nyumba za zamani za kwao zimejengwa kwayo, na alipokuwa msichana aliona watu wakiyachoma wapate chokaa. Kwake tumbawe lilikuwa jiwe, basi. Lakini mwanawe alichukua bomba dogo, akanyunyizia unga fulani majini, na mawe yale yakafumbuka. Yakatoa vidole vyembamba, yakapapasa.

"Unalisha mawe, mwanangu?"

Mhina alicheka. "Si mawe, mama. Yana uhai haya. Kila kitundu unachokiona ni mdomo."

"Midomo yote hiyo?"

"Yote. Na yote ina njaa."

Siku ile Bi Tumsifu alipanda ngazi haraka kuliko magoti yake yalivyotaka.

Nawaomba mtazame jinsi Mhina alivyowatunza wale viumbe, maana hamtaona uzembe hata chembe. Yule samaki bapa wa manjano, aina ya kangaja, ni mla majani, kwa hiyo alinunuliwa mwani mkavu usio na chumvi wala mafuta, ukawekwa mahali pasipo unyevu. Wale wala nyama walikuwa na vijikamba vidogo vilivyogandishwa. Matumbawe yalikuwa na unga wao na chupa ya maji ya kijani, ambayo ilikaa kwenye friji ndogo ya chini na kutikiswa kila siku ili vilivyomo visife. Chakula kikavu alikinunua katika kopo dogo, kwa sababu kopo kubwa likifunguliwa hupoteza nguvu kabla halijaisha. Na kilichokwisha kuyeyuka hakikurudishwa kwenye friza kamwe. "Ukigandisha mara ya pili umewapa sumu," alimfundisha Ella, na mtoto akaweza kuisema sheria hiyo hata usingizini.

Na mama yake Mhina alikula nini mchana, nyumba ikiwa tupu? Pilau iliyoletwa kutoka kwenye sherehe ya watu mwezi uliopita, ikayeyushwa, ikabaki, ikarudishwa kwenye friza, ikayeyushwa tena. Nyama ngumu ambayo meno yake hayakuiweza. Mhina alijua kila samaki anapenda nini na hapendi nini. Hakujua kwamba mama yake ameacha kula nyama tangu kabla hajapanda ndege. Uchungu unanipanda ninapoyasema haya, lakini nitayasema.

Chepngetich, mkewe, aliona. Alikuwa Mkenya wa Kericho, mfanyakazi wa ofisi huko Don Mills, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi amechoka. Siku moja alisimama kwenye mlango wa besimenti akaita, "Mhina! Si uje ukule na mama kwanza? Hao samaki hawaendi mahali."

"Nakuja."

"Hiyo nakuja yako tumeizoea."

"Mwache, mwanangu," Bi Tumsifu alisema. "Amechoka. Atakula baadaye, nimemfunikia."

"Mama, wewe unamfunikia, yeye anamwaga. Mimi ndiye natoa takataka, naona."

Bi Tumsifu alilisogeza kawa kidogo likae sawa.

Upweke hufundisha mtu mambo. Mchana, watu wote walipoondoka, alianza kushuka. Alikwenda taratibu, mkono ukutani, kwa sababu jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho na la pili lilianza kufuata njia hiyo hiyo. Alikaa kwenye kile kiti kikuukuu, upande wa giza, kwa sababu hiki ndicho chumba alichokipenda mwanawe na alitaka kujua kina nini. Samaki walimjia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusema naye Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo alisema nao. Aliwasimulia Mhina alivyokuwa mtoto, alivyokataa kula kila kitu isipokuwa uduvi, vile vijikamba vidogo vya pwani. Uduvi wa nazi, wenye kitunguu saumu kingi. Angeutaka asubuhi, angeutaka jioni, angelala na harufu yake vidoleni.

"Na mimi ninautamani," aliwaambia. "Tangu nije huku sijauona."

Akagundua jambo lililomtisha. Kila alipotaja jina la Mhina, matumbawe yalifumbuka. Alinyamaza, yakajikunja. Akasema tena, "Mhina," na midomo yote ile ikafunguka kwenye mwanga wa buluu, ikangoja.

Sisemi ni uchawi. Huenda ilikuwa saa yao tu, au pumzi ya pampu. Nasema alichokiona. Naye aliwaza, akiwa amekumbatia khanga yake, kwamba yeye na mawe yale walikuwa wakimngoja mtu mmoja, na kwamba mawe ndiyo yaliyokuwa yakishibishwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kangaja alikuwa amekonda. Alikula akakonda, na Mhina akajua ana minyoo. Asubuhi ile, akiwa anachelewa kazini, aliyeyusha vijikamba, ambavyo hata kangaja hudokoa akiwa na njaa, akavitia dawa ya minyoo ya samaki, kisha akaponda kitunguu saumu akakamulia juu yake, kwa sababu samaki mgonjwa huvutwa na harufu ya kitunguu saumu. Vilitakiwa vilowe hadi jioni mahali pa baridi. Friji ndogo ya chini ilikuwa imejaa chupa. Vikombe vyake vya kulishia vilikuwa vichafu. Basi alipanda jikoni, akachukua bakuli la mama yake, lile la maua, akamimina humo, akafungua friji ya nyumba. Akakumbuka mkewe alivyolalamikia harufu ya samaki kwenye maziwa. Akatafuta kifuniko, asikipate. Kawa lilikuwa mezani. Akalichukua, akafunika, akafunga friji, akaondoka.

Mtu yule yule mwenye sheria zote zile! Dawa ya samaki, ndani ya bakuli la mama, chini ya kawa la mama, na hakuacha hata neno.

Mchana Bi Tumsifu alifungua friji kutafuta kitu cha kupasha. Akaona kawa.

Kwanza hakuelewa. Kawa lile hakuna mwingine aliyeligusa katika nyumba hii. Alilitoa kwa mikono miwili, akalifunua, akainama hadi pua ikakaribia bakuli, kwa sababu macho peke yake hayakutosha. Harufu ya bahari. Vijidudu vyeupe, vidogo, vilivyojikunja. Na kitunguu saumu.

"Uduvi," alisema.

Alikaa chini. Alishika ukingo wa meza. Mwanawe alikuwa ameutafuta uduvi katika mji huu wa theluji, akaupata, akaukamulia kitunguu saumu kama alivyokuwa akiupenda utotoni, akauweka kwenye bakuli la mama, na hakusema kitu. Alimfunikia. Miezi yote hii alidhani mtoto amesahau, kumbe alikuwa anajua lugha ile ile. Bi Tumsifu alilia kwa furaha, peke yake jikoni, na kamasi zikamtoka asizifute.

Jamani, nani kati yetu angeweza kumzuia? Angesema nini?

Aliupika kwa tui la kopo, nyanya, na pilipili moja. Akapika wali. Akagawa kwa haki, au tuseme kwa dhuluma ya kina mama: sehemu ndogo yake, sehemu kubwa ya Mhina. Akakata ndimu akaiweka pembeni. Sahani ya mwanawe akaifunika kwa kawa mezani, katikati kabisa, mahali ambapo hata mtu mwenye haraka ataona. Yake akashuka nayo chini, ale akimngoja kule kule anakopenda yeye.

Ladha ilikuwa na uchungu fulani. Alijiambia ni uduvi wa ugenini.

Hakumaliza kuwasimulia samaki habari njema. Ubaridi ulimwanzia midomoni, ukashuka shingoni. Moyo wake, uliokuwa ukitembea kwa vidonge, ukaanza kuruka hatua. Alitapika kwenye khanga yake. Alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Alitaka kuita, na nani angemsikia? Akalegea kitini, macho wazi, na mwanga wa buluu ukamjaa.

Samaki walikuja wote. Hata wale waoga wanaojificha chini ya mawe walitoka. Walisimama kwenye kioo mbele ya uso wake, mstari kwa mstari, bila kutikisa mapezi. Nje jua la majira ya baridi lilizama mapema. Walikaa hivyo, wao na yeye.

Mhina alichelewa. Alipitia duka moja huko Scarborough kununua vidudu hai vya baharini kwa ajili ya matumbawe, mfuko uliotakiwa kufikishwa nyumbani ungali na baridi na kumiminwa kwanza, kabla hata ya dawa ya kangaja. Chepngetich alikuwa amempeleka Ella kwenye mafunzo ya piano. Bi Tumsifu alisikia gari. Alisikia mlango. Alisikia, "Shikamoo, mama!" Akasikia hatua zikipita karibu na meza, na moyo wake mgonjwa ukaomba: funua. Mwanangu, leo funua.

Hakufunua. Ndugu zangu, angelifunua kawa lile angetambua papo hapo ni vijikamba vya nani vile, na angepiga kelele, na angemtafuta mama yake nyumba nzima. Kilichotakiwa ni mkono kuinuka mara moja tu. Alipita.

Akashuka. Hakuwasha taa ya chumba, kwa sababu taa hiyo huwasumbua samaki. Alisimama upande wa ngazi, na Bi Tumsifu aliuona uso wake kupitia majini, umepanuka, umepinda, wa buluu, ukitabasamu.

"Hamjambo, wanangu," Mhina alisema. "Mna njaa?"

Akaufungua mfuko wake akamimina. Chakula kikashuka taratibu mbele ya macho ya mama yake. Hakuna samaki aliyegeuka. Matumbawe yalibaki yamefumba.

"Mbona hamli leo? Mnatazama nini huko?"

Akainama kutazama walikotazama. Ndipo alipouona, ng'ambo ya maji, katikati ya samaki, uso wa mama yake ukimtazama bila kupepesa.

Ambulensi ilifika upesi, na hospitali ilifanya yote iliyoweza. Baadaye, ilipojulikana alikula nini, daktari hakulaumu dawa peke yake. Alisema moyo ulikuwa dhaifu, dawa ile iligongana na vidonge vyake, na zaidi ya yote, alikaa muda mrefu mno bila mtu.

Usiku Bi Tumsifu alizinduka. Mhina alikuwa ameshika mkono wake. "Shikamoo, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza alingoja.

"Marahaba, baba."

"Mama, ulikula nini?"

"Uduvi wako."

"Uduvi gani, mama?"

"Si ule ulionifunikia?" Akatabasamu. "Na kitunguu saumu ulikumbuka."

Mhina alifungua mdomo. Chepngetich, aliyesimama nyuma yake, alimwekea mkono begani kumzuia asimwambie mama yake. Mhina alitoka mbio kwenda kuwaambia madaktari ni dawa gani, akarudi, akakaa tena.

"Nawe nimekufunikia," Bi Tumsifu alisema, kwa sauti iliyokuwa ikienda mbali. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu, mama. Mtamu sana."

Alifurahi, na mkono wake ukalegea ndani ya mkono wa mwanawe kabla hakujapambazuka.

Waliporudi nyumbani, kawa lilikuwa mezani. Mhina alivua koti. Kisha akalifunua. Wali ulikuwa umekauka kingoni. Uduvi ulikuwa umelala katika tui lake, sehemu kubwa, na kipande cha ndimu pembeni. Akavuta kiti. Akashika kijiko.

Chepngetich alimkamata mkono. "Mhina, wacha."

"Ni chakula cha mama."

"Najua."

"Amenifunikia, Chepngetich."

"Najua amekufunikia. Zile zingine zote ungekula. Hii huwezi."

Samaki waligawiwa watu. Mmoja wa waliowachukua, fundi wa Regent Park asiyejua lolote kuhusu nyumba ile, ameniambia kwamba wanakula vizuri na wamenenepa. Jioni tu, anasema, huacha chakula na kwenda upande mmoja wa kioo, wakasimama wote wakitazama pembe isiyo na hata kiti.

Mafunzo

Mtu anayefuga na afuge. Sikatazi samaki wala matumbawe, ni kazi nzuri ya Mungu. Lakini chakula chao kikae kwenye friza yao, katika vyombo vyao, na dawa iandikwe neno ambalo mzee wa nyumba ataweza kulisoma, au aambiwe kwa mdomo. Bakuli la mama liache liwe la mama.

Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni hili. Mmewaleta wazazi wenu katika nchi hii kwa ndege na kwa machozi, mkawapa chumba chenye joto, mkadhani mmemaliza. Wanakaa mchana kutwa wakingoja mlango ufunguke. Kila mmoja wetu ana besimenti yake anayoikimbilia. Kwa mwingine ni simu, kwa mwingine ni kazi ya pili, kwa mwingine hata kanisa lenyewe. Ukiingia nyumbani leo, msalimie mama, kisha ngoja akuitikie. Na ukikuta amekufunikia, hata kama umeshiba, hata kama ni maharage ya jana, vua koti, kaa, ufunue.